Usimpe Panga Tu

Usiku wa Pasaka, Aprili 1816, mashamba ya miwa ya kusini-mashariki mwa Barbados yalianza kuwaka moto. Leo uasi ule unaitwa kwa jina la mwanamume mmoja, Bussa, mtumwa wa shamba la Bayley. Kisiwani kuna sanamu pia: mwanamume kifua wazi, mikono juu, minyororo imekatika. Ilizinduliwa mwaka wa 1985 kukumbuka ukombozi wa watumwa wote, lakini watu wenyewe wameshaamua. Huyo ni Bussa.

Sasa fungua ripoti ambayo bunge la walowezi la kisiwa hicho lilichapisha mwaka wa 1818 kueleza moto ulianzia wapi. Humo ndani kuna mwanamke anaitwa Nanny Grigg, mtumwa wa ndani katika shamba la Simmons. Mtumwa mwenzake alitoa ushahidi kwamba Nanny alikuwa akisoma magazeti, kisha anawaeleza wenzake yaliyomo: kule Uingereza kuna mazungumzo ya uhuru, na mabwana wa hapa hawautaki. Siku zilipopita bila uhuru kufika, akawaambia waupiganie. Na njia ni moto, kama walivyofanya wenzao wa Saint-Domingue, nchi tunayoiita leo Haiti.

Uasi haukupewa jina lake. Ule ulipewa jina la aliyeongoza watu kwenye moto, si la aliyekaa miezi akisoma habari na kuzisambaza jikoni na shambani, mpaka watu wakaamini kwamba moto una maana.

Nimekuwa na Nanny Grigg kichwani tangu kikundi chetu cha kusoma kigombane. Tulikuwa tumesoma riwaya mbili zinazotokea kwenye mashamba ya miwa ya Jamaica: The Book of Night Women ya Marlon James (2009) na The Long Song ya Andrea Levy (2010). Wengi walimpenda James. Rafiki yangu mmoja, msomaji mkali kabisa, akasema riwaya ya James ina wanawake wapiganaji, na ya Levy ina kijakazi anayejipendekeza. Kwake yeye July, mhusika mkuu wa Levy, ni msaliti tu mwenye mdomo mrefu. Watu wakaanza kuinua sauti, chai ikapoa. Nilitaka kumjibu nikakosa maneno. Makala hii ndiyo jibu langu, limechelewa kidogo.

Tuanze na shamba lenyewe. Ukisikia “mtumwa wa shamba la miwa” huenda picha inayokujia ni mwanamume mwenye misuli na panga. Lakini kwenye mashamba ya Jamaica ya mwanzoni mwa karne ya 19, wanawake ndio walikuwa wengi katika vikosi vya jembe. Sababu yake ni ya kawaida sana. Kazi za ufundi, kama useremala, uhunzi na kuchemsha sukari, walipewa wanaume. Wanawake hawakuwa na pa kwenda. Walichimba mashimo ya kupandia miwa, wakabeba samadi, wakakata, wakafunga matita, na mjeledi haukuuliza nani ni nani.

Halafu kulikuwa na kazi ya pili, ambayo mwanamume hakuwa nayo. Mwaka wa 1662 koloni la Virginia liliandika sheria kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake: mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, hata baba awe bwana mwenyewe. Makoloni ya Waingereza ya Karibiani nayo yalifuata mkondo huo huo. Hebu fikiria maana yake. Bwana anayembaka mwanamke shambani hana kesi mahakamani na hana aibu ya kulea. Ana faida. Uingereza ilipopiga marufuku biashara ya kusafirisha watumwa mwaka wa 1807, tumbo la uzazi likawa njia kuu iliyobaki ya kupata watumwa wapya.

Sisi tunaosoma kwa Kiswahili tunalijua hili kwa sababu lugha yetu nayo ilipitia utumwa wake, na ikabaki na maneno. Tuna mtumwa, lakini pia tuna mjakazi, tuna suria, tuna mzalia, tuna mtoro. Mjakazi na suria ni wanawake, basi. Pwani yetu kanuni ilikuwa tofauti, maana mtoto ambaye suria alimzalia bwana wake alihesabiwa huru. Usiichukue tofauti hiyo kama huruma. Pande zote mbili za dunia, swali la mtoto huyu ni wa nani lilijibiwa juu ya mwili wa mwanamke, na hakuna aliyemuuliza yeye.

Ndiyo maana kupinga kwa mwanamke kulikuwa na sura nyingi ambazo macho yetu hayajazoea kuziona. Na tatizo la kwanza ni kwamba hata zilipoonekana, aliyeziandika alikuwa adui. Mwingereza Thomas Thistlewood alifika Jamaica mwaka wa 1750, akawa msimamizi wa mashamba, baadaye akawa na shamba lake, na akaandika shajara mpaka alipofariki mwaka wa 1786. Humo aliorodhesha mvua, mauzo, viboko, na kila mwanamke aliyelala naye. Wanahistoria waliohesabu wamepata mara 3,852, na wanawake 138, wengi wao watumwa ambao hawakuwa na namna ya kukataa. Katika kurasa hizo kuna msichana anaitwa Coobah. Anatoroka. Anashikwa, anachapwa. Anatoroka tena. Anapigwa chapa ya moto, anavishwa pingu ya shingoni, anatoroka tena. Mwishowe, mwaka wa 1774, Thistlewood anachoka na kumuuza. Kila tunachokijua kuhusu Coobah tumekipata kwa kalamu ya mtu aliyempiga. Neno lake mwenyewe hatuna hata moja.

Hapo ndipo riwaya inapoingia kazini. Na hapo ndipo naelewa kwa nini Marlon James anasisimua.

The Book of Night Women inasimuliwa kwa Kijamaika cha watu, si kwa Kiingereza cha shuleni, na uamuzi huo peke yake ni uasi. Lilith anazaliwa mwaka wa 1785 katika shamba la Montpelier, macho yake ya kijani, baba yake ni msimamizi mzungu. Akiwa bado msichana anavamiwa na mmoja wa manyapara, watumwa wanaume waliopewa fimbo ya kuwapiga watumwa wenzao, naye anamuua. Homer, mwanamke anayeshika funguo za jumba kuu, anamficha. Baadaye Homer anamwingiza kwenye siri: kuna wanawake wanaokutana usiku, na wanapanga kuchoma mashamba.

Homer ni mhusika ambaye hutamsahau. Anajua dawa za mitishamba, anajua nani anazungumza na nani katika kila shamba jirani, na anamfundisha Lilith kusoma, usiku, kwa kitabu kilichotoka kwenye rafu za bwana. Nilipofika hapo nilimkumbuka Nanny Grigg papo hapo. Lakini angalia jinsi riwaya inavyomtumia. Kadiri siku ya uasi inavyokaribia, Homer mwalimu anafifia na Homer jemadari anachukua nafasi. Kusoma, dawa, funguo, mtandao wa habari, vyote vinakuwa maandalizi tu ya kitu “halisi”, yaani panga na moto. Ni kama James amechukua filamu ile ile ya mashujaa wanaume akabadilisha waigizaji. Wanawake wameingia, lakini kipimo cha nani shujaa ni kile kile.

Sitaki kumwonea. James mwenyewe ana shaka, na shaka hiyo ndiyo sehemu bora ya kitabu. Katikati ya riwaya Lilith anapelekwa shamba lingine, Coulibre. Huko anamzamisha bwana ndani ya beseni alilokuwa akimwogeshea, na usiku huo nyumba nzima inateketea, watoto wadogo wakiwamo. Baada ya hapo Lilith hawezi kulala. Uasi mkubwa unapofika, anakataa kujiunga. Rafiki yangu alimsifu Lilith kwa Coulibre akaruka kukataa kwake, kana kwamba ni kasoro ya uandishi. Mimi naona ni pale mwandishi anapoanza kujiuliza kama panga alilowapa wanawake wake linatosha. Anauliza, halafu kurasa zinarudi kwenye damu. Nami nikiri, kufikia mwisho nilikuwa nimechoka na idadi ya migongo iliyochanwa mbele ya macho yangu. Noma ni kwamba mwili wa mwanamke mweusi unaopigwa umekuwa kitu cha kutazamwa hata na sisi tunaousikitikia.

Shikilia picha ya lile beseni, kwa sababu kuna beseni lingine.

Mwaka wa 1831, London, kilichapishwa kitabu chembamba kinachoitwa The History of Mary Prince. Ni maisha ya mwanamke aliyezaliwa mtumwa Bermuda karibu mwaka wa 1788, yaliyosimuliwa na yeye mwenyewe. Hakukata miwa. Alikuwa mtumishi wa ndani, na kwa miaka kadhaa alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Grand Turk, akisimama majini tangu alfajiri mpaka miguu ikatoka majipu yaliyokula hadi mfupani. Lakini bwana, mjeledi na soko la watu vilikuwa vile vile vya mashamba ya sukari.

Kitabu hiki kimejaa mateso, na msomaji mwenye haraka atakiona ni kitabu cha mateso tu. Kisome tena ukifuatilia mdomo wa Mary. Akiwa bado kijana anatoroka kwa mama yake, na mama anamficha pangoni. Baba yake anamrudisha kwa bwana na kumsihi bwana amsamehe. Mary hanyamazi. Anamwambia bwana, uso kwa uso, kwamba hawezi tena kuvumilia viboko na ndiyo maana alikimbia. Siku hiyo hapigwi. Miaka mingi baadaye, bwana mwingine, anayetajwa kwa herufi D tu, anavua nguo zote, anaingia kwenye beseni na kumwita Mary aje amwogeshe. Mary anasema jambo hilo lilimuumiza kuliko viboko vyote. Kuna wakati anakataa kwenda, anapigwa, na ndipo anamjibu bwana wake kuhusu aibu, kwamba hana haya kwa watumishi wake wala kwa binti zake. Mwishowe anafanya mpango wa kuondoka: anaomba auzwe kwa familia nyingine inayohamia Antigua.

Beseni la Lilith lina maiti ndani. Beseni la Mary lina maneno. Mwulize rafiki yangu lipi ni uasi, na jibu atakupa kabla hujamaliza swali. Lakini pima hatari. Mwanamke ambaye sheria inamhesabu kama ng'ombe anamwambia mwenye mali kwamba hana haya. Aibu ni kitu cha binadamu. Ng'ombe hamwonei mtu aibu wala hamwaibishi mtu. Kwa sentensi moja Mary amejitoa kwenye daftari la mifugo, na bwana amelielewa hilo ndiyo maana hasira zikampanda.

Huko Antigua aliendelea hivyo hivyo. Alifulia watu nguo kwa malipo, akauza kahawa na viazi vikuu kwa mabaharia, akaweka akiba ya kujinunua. Mabwana zake, familia ya John Wood, wakakataa kumuuzia uhuru. Aliolewa na Daniel James, mwanamume mweusi aliyekuwa huru, bila kuwaomba ruhusa, na akapigwa kwa sababu hiyo. Mwaka wa 1828 wakamleta London, wakamrundikia nguo za kufua huku baridi yabisi imemkamata mwili mzima, na kila alipolalamika wakamwambia mlango uko wazi, aende. Walidhani hana pa kwenda. Akaenda. Uingereza alikuwa huru kuondoka. Akirudi Antigua kwa mumewe, ni mtumwa tena. Mwaka wa 1829 ombi la uhuru wake likafikishwa Bungeni. Miaka miwili baadaye kitabu kikatoka, na kikachapishwa mara tatu mwaka huo huo.

Ila kalamu haikuwa yake. Mary alisimulia, mwanamke aliyeitwa Susanna Strickland akaandika, na Thomas Pringle, katibu wa chama cha kupinga utumwa, akahariri. Watu hawa walikuwa upande wake. Hata hivyo walikuwa na picha ya mtumwa mwema ambayo umma wa Kikristo ungeweza kuihurumia, na Mary hakuingia kwenye picha hiyo bila kupunguzwa. Mwaka wa 1833 John Wood alipomshtaki Pringle kwa kumchafulia jina, Mary alipanda kizimbani. Huko ndiko ilikojulikana kwamba, kabla ya ndoa, aliwahi kuishi miaka saba na mzungu mmoja, Kapteni Abbot. Alisema alimweleza Susanna habari hizo. Kitabuni hazimo. Na kwa sababu watu walilitilia shaka neno lake, mke wa Pringle aliandika barua ya kuthibitisha kwamba ameuona mgongo wa Mary na makovu yapo kweli. Barua hiyo ikaongezwa kwenye kitabu. Yaani mdomo umesema kurasa nzima, na bado mgongo unaitwa kutoa ushahidi.

Ukishajua hayo, The Long Song inabadilika mikononi mwako.

Andrea Levy alizaliwa London, wazazi wake wakitoka Jamaica, na naamini alikuwa amekisoma kitabu cha Mary Prince kwa makini. Riwaya yake ni ya bibi kizee, July, anayesimulia maisha yake katika shamba la Amity. Mwanawe Thomas ana kiwanda cha uchapaji, na ndiye anayemsukuma aandike na anayehariri. Mara moja tuko tena kwa Pringle. Safari hii tofauti ni kwamba mwanamke anagombana na mhariri wake hadharani, ukurasa kwa ukurasa. Anasimulia kuzaliwa kwake kwa fujo na madoido, halafu anakiri haikuwa hivyo. Anamwambia msomaji asiyeipenda hadithi atafute nyingine. Ndiyo, ana mdomo mrefu. Mdomo ndio silaha yake, na amekaa nao miaka yote hiyo.

Rafiki yangu alilalamika hasa kuhusu Krismasi ya 1831. Tarehe 27 Desemba mwaka huo, magharibi mwa Jamaica, ulianza uasi mkubwa kuliko wote wa kisiwa hicho, ulioongozwa na mhubiri Mbaptisti, Samuel Sharpe, mtumwa. Watu wapatao 60,000 walihusika. Levy anatuweka wapi? Kwenye chumba cha kulia cha Amity. Bibi mwenye nyumba anataka meza itandikwe kitambaa bora cha kitani. Watumishi wanamtandikia shuka la kitandani. Wageni wanakula sikukuu juu ya shuka. Rafiki yangu aliuliza: “Kwani huo ndio uasi? Shuka?”

Mimi nasema Levy amefanya hivyo makusudi, na amefanya vizuri. Hapo ndipo July alikuwa. Alikuwa msichana aliyenyang'anywa mama yake kwa sababu bibi mmoja alimwona anapendeza, akapewa hata jina jipya, Marguerite. Maisha yake yote ni vyumba vya watu wengine. Ndani ya vyumba hivyo anachelewesha, anasahau kwa makusudi, anaiba vitufe, anacheka na wenzake jikoni, na anajua siri zote za nyumba. Shuka halikumweka huru mtu yeyote. Lakini utumwa ulitaka kitu kimoja kabla ya sukari: utii unaofika mpaka ndani ya moyo. Shuka linasema utii huo haupo, na halijawahi kuwapo.

Kuna mahali Levy anakwenda mbali zaidi. Karibu na mwisho July anajaribu kuifunga hadithi kwa furaha. Thomas anakataa, kwa sababu anajua haikuishia hapo. July alizaa watoto wawili. Wa kwanza alimwacha kwenye mlango wa mhubiri. Ndiye Thomas mwenyewe. Wa pili, Emily, binti aliyemzaa na msimamizi wa shamba, mzungu aliyedai kumpenda, alichukuliwa na mzungu huyo na mkewe wakampeleka Uingereza. July hakutaka kuliandika hilo. Mwana anasisitiza, na mama anaandika, kwa shingo upande.

Nilisoma ukurasa huo ndani ya matatu, Thika Road imefungana, nikafunga kitabu. Habari za Abbot ziliachwa nje ya kitabu cha Mary, naye alikuwa amezisema. Za Emily, July ndiye anayezizuia. Kunyamazishwa si sawa na kunyamaza. Mtu aliyenyimwa kila kitu, hata mtoto, anaweza kubaki na haki moja: kuamua kidonda gani aoneshe na kipi afunike. Sisi wasomaji, kama Thomas, tunadai tuone kila kitu kwa jina la ukweli. Homer anaweza kuchoma shamba na bado tukamtazama uchi wa mgongo. July anatufungia mlango, na kwa muda mfupi tunasimama nje, mahali ambapo bwana hakuwahi kusimama.

Sasa nikubali hoja ya upande wa pili, maana ipo na ni nzito. Utumwa wa Waingereza haukuvunjwa na mashuka. Uasi wa 1831 ulizimwa kwa ukatili, watu zaidi ya 300 wakauawa kwa hukumu, na Sharpe akanyongwa Mei 1832. Lakini mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kukomesha utumwa. Waliolipwa fidia ni mabwana, pauni milioni 20, na watumwa wakabaki na miaka ya “uanagenzi” hadi 1838. Hata hivyo, moto ule ulikuwa na sehemu kubwa ya kazi. Sitaki mtu aniambie kwamba kuchelewesha chai ni sawa na kuhatarisha shingo kwenye mti wa kunyongea.

Ninachokataa ni ngazi. Tumejenga ngazi ambayo juu kabisa kuna panga, na kila kitu kingine ni daraja la kulifikia. Kwenye ngazi hiyo mwanamke hupanda tu akifanana na mwanamume. Jamaica ina mashujaa saba wa taifa, na mwanamke ni mmoja: Nanny, kiongozi wa watoro wa milimani, aliyepigana na Waingereza. Yuko kwenye noti ya dola 500, na anastahili. Hapa kwetu nako tunamtaja Muthoni wa Kirima, jemadari wa Mau Mau, na anastahili. Waliopeleka chakula na habari msituni, waliofungwa Kamiti kwa ajili hiyo, tunawaita “wanawake waliosaidia”. Walisaidia nini? Vita vilikuwa vyao pia.

Nimalizie na lalamiko ambalo linawahusu James na Levy wote wawili, na ambalo hakuna aliyelitaja siku ile ya ugomvi. Lilith ni binti wa msimamizi mzungu. July pia. Wote wanatolewa kwenye kazi ya shamba wakaingia jumba kuu, na hadithi inaanza kuchangamka wanapopita mlango huo. Nimeshasema wengi walikuwa wapi: kwenye jembe. July ana mama, Kitty, mwanamke wa miwa, mrefu, mweusi, mwenye nguvu. Alibakwa na msimamizi Tam Dewar, akamzaa July, akanyang'anywa. Wakati wa msukosuko wa 1831, Dewar anapotaka kumuua July, Kitty ndiye anayemvamia. Ananyongwa kwa ajili hiyo. Hapo una panga na una upendo wa mama kwa pamoja, vitu vyote ambavyo mimi na rafiki yangu tuligombania. Lakini Kitty hana hadithi yake. Tunamwona akibeba, akiumia, akifa. Hatujui alicheka nini jioni.

Labda Levy alijua hilo. Labda ndiyo sababu July hawezi kumsimulia mama yake kwa kirefu: alitengwa naye mapema mno. Hata hivyo pengo lipo, na haliwezi kuzibwa kwa kumpa mwanamke mwingine panga zuri zaidi. Litazibwa na mwandishi atakayekaa kwenye safu ya jembe, saa sita mchana, na kusikiliza wanawake wa kule walikuwa wanaambiana nini. Nanny Grigg alipomaliza kusoma gazeti, kuna watu walimsikiliza, wakapeleka habari mpaka safu hiyo. Bila wao alikuwa anajisomea tu.

Mwezi ujao ni zamu yangu kuchagua kitabu. Nimechagua cha Mary Prince. Ni chembamba, utakimaliza jioni mbili tatu kwenye foleni ya Thika Road. Rafiki yangu ameshanitumia ujumbe kuuliza kama kuna panga ndani yake. Nimemjibu kuna beseni.